Amiri wa Ukutani

Nilipokuwa mdogo, kabla sijajua kumwogopa mwalimu wala jini, nilimwogopa Amiri.

Alikuwa ukutani kwa Bibi, Kizingitini, chumba cha ndani, juu kidogo ya kasha la nguo. Fremu yake nyeusi ilikuwa na ukubwa wa sinia ya kuandalia watu wawili. Ndani yake mlikuwa na mwanamume kuanzia kifuani kwenda juu: uso mweupe ulioiva jua, masharubu mazito yaliyoteremka kisha yakapinda ncha, koti jekundu lililofungwa mpaka shingoni, nishani zimejipanga kifuani kama magamba ya samaki. Macho yake yalikuwa ya samawati, na popote ulipokaa chumbani mle yalikufuata. Tukikataa kula, Bibi hakuinua sauti. Alisema tu, "Haya, Amiri awaona." Tulikula.

Haikuwa picha ya karatasi iliyowekwa nyuma ya kioo, kama hizi za harusi. Ilikuwa imegandana na kioo chenyewe. Rangi zilikuwa upande wa ndani nasi tulizitazama kupitia kioo, kwa hiyo zilikuwa na mng'ao wa kitu kilicho majini, kama kombe unaloliona chini ya maji matulivu ukadhani liko karibu, kumbe mkono haufiki. Usiku kandili ikiwashwa, koti lile lilikuwa kama kaa la moto. Kwenye kona ya chini, kushoto, rangi ilikuwa imebanduka, kipande kadiri ya ukucha, na hapo uliona ubao mtupu. Binamu yangu alisema ndipo Amiri alipochomwa mkuki.

Siku za khitma, au watu wanapokuja kusoma Kurani, Bibi alimfunika kwa kipande cha leso. Malaika hawaingii nyumba yenye picha, na maalimu wa chuoni alikuwa ameshamwambia mara kadhaa aitoe. Hakuitoa. Alimfunika, watu wakasoma, wakala, wakaondoka, akamfunua. "Asije akakosa pumzi," alisema.

Hadithi yake tuliihifadhi kama sura fupi za Kurani. Huyu, alisema Bibi, ni Amiri Hamadi, aliyekuja na majeshi ya Sayyid Saidi kuipiga Siyu. Babu yake Bibi alikuwa nahodha, akipakia boriti za mikoko huku kwetu na kwenda kuziuza Unguja. Safari moja mnunuzi akapungukiwa na fedha. Akamwambia, nahodha, chukua hii iliyobaki, ni picha ya amiri mkubwa. Nahodha akauliza, amiri yupi? Amiri wa Sayyid, akaambiwa. Basi, likaisha. Kisiwani kwetu Pate ukisema amiri wa Sayyid, kuna mmoja tu.

Na huyo mmoja alikuwepo kweli. Mwaka 1844 Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa ameshahamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, alituma jeshi kuivunja Siyu, mji ulio kisiwa hiki hiki chetu, ambao chini ya Bwana Mataka ulikuwa umekataa kumtii. Jeshi lilikuwa chini ya Amir Hamad. Lilishukia Faza, kwa jirani zetu. Lilishindwa, na Amiri mwenyewe akauawa. Kaburi lake liko nje kidogo ya mji wa Faza mpaka leo. Kutoka kwetu kwenda Faza ni mwendo wa miguu tu, na utotoni nilipokuwa nikimfuata Bibi kwenda kumjulia hali dada yake, alinionyesha upande lilipo na kuniambia nisome Fatiha.

"Lakini alikuja kutupiga, Bibi."

"Alikuja kuwapiga Wasiyu."

"Sasa kama yuko kaburini hapa, mbona yuko ukutani kwetu?"

"Kwani mtu hawezi kuwa na kaburi na picha?"

Nilipokua kidogo nikamuuliza mbona Mwarabu ana macho ya samawati. Akaniambia Waarabu wako rangi zote.

*

Niliacha chuo mwaka wa tatu, ada imenishinda, nikarudi kisiwani na simu na kompyuta ndogo yenye kioo kilichopasuka. Ninaandika ninachotumwa kuandika: maelezo ya hoteli nisizoweza kulala, makala za afya, hotuba za watu wengine. Mtandao ukikatika ninatoka barazani na kungoja. Ndiyo maana nilikuwepo nyumbani masika yaliyopita, makuti yalipoanza kuvuja na maji yakateremka ukutani, nyuma ya Amiri.

Bibi alimshusha yeye mwenyewe, akamfuta kwa mtandio wake. Ubao wa nyuma ulikuwa umevimba na kutoa harufu ya kisima. Mahali palipobanduka palikuwa pameongezeka, sasa pamefika kwenye vifungo vya koti.

Ami yangu, mdogo wa baba, aliitazama akasema lile ambalo kila mtu alikuwa akiliwaza. "Kabla haijaoza, iuzwe."

Nisimlaumu. Ami ni mvuvi wa kambakoche. Mashine ya boti yake ilikuwa imekufa wiki mbili kabla, na vipuri haviuzwi kwa salamu. Mvuvi asiye na mashine ana njia moja tu: kwenda kwa tajiri anayenunua kamba, akope, kisha kila kamba atakayemtoa baharini amuuzie yeye kwa bei atakayopanga yeye, mpaka deni liishe. Na deni la namna hii halina haraka ya kuisha. Watu hapa wamezeeka nalo.

Kwa hiyo nikaipiga picha ile picha, nikamtumia mtu mmoja wa Lamu mjini anayenunua vitu vya kale: milango, viti vya enzi, sahani za kichina. Akanijibu upesi. Elfu ishirini, kama ni kweli ya zamani. Akaniomba nimpigie na upande wa nyuma.

Ndipo nikamfungua Amiri.

Misumari ilikuwa imekuwa unga wa kutu. Nilitoa ubao, nikapindua kioo juu ya mkeka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona kwa nyuma. Hakuwa mtu. Palikuwa na bonge la rangi nyekundu, bonge la waridi juu yake, doa la kahawia mahali pa nywele, vitone vya manjano mahali pa nishani, na kijani cha giza kuzunguka pembeni. Hapakuwa na macho wala masharubu. Ukiambiwa ni mtoto aliyemwaga rangi, ungekubali. Nikainua kioo, nikakigeuza, na yule pale, ananitazama kama kawaida.

Baadaye nilisoma namna zinavyotengenezwa. Huko Uingereza kazi hii ilianza mwishoni mwa karne ya 17 na ikapendwa sana katika karne ya 18. Fundi huchukua picha iliyochapwa kwenye karatasi, huilowesha, kisha huibandika kifudifudi kwenye kioo alichokipaka gundi ya utomvu. Ikikauka, huulowanisha mgongo wa karatasi na kuusugua kwa kidole, taratibu sana, karatasi ikitoka nyuzi nyuzi, mpaka ibaki kama hakuna karatasi tena bali wino tu ulioshika kioo. Akisugua kidogo mno, picha hufifia. Akizidisha, pua ya mtu huondoka na kidole. Baada ya hapo hupaka rangi nyuma ya wino, na hiyo ni kazi rahisi, kwa kuwa mistari yote ya uso tayari ipo. Yetu si ya zamani hizo, lakini ilifuata njia hiyo hiyo. Kwenye bega la kushoto fundi alichoka kusugua, na nyuzi za karatasi bado zipo, ngumu kama magome.

Na chini kabisa, mahali palipokuwa pamefichwa na mdomo wa fremu kwa miaka yote hiyo, palikuwa na mstari wa herufi. Mwanzo wake ulikuwa umeliwa na unyevu. Uliobaki ulisomeka hivi: TCHENER OF KHARTOUM.

*

Nilitoka barazani kutafuta mtandao.

Horatio Herbert Kitchener alizaliwa Ireland mwaka 1850. Alikuwa mwanajeshi wa kikosi cha wahandisi, na kazi yake ya kwanza kubwa haikuwa vita bali kupima ardhi: alichora ramani za Palestina, kisha Kupro. Jina la Khartoum alipewa pamoja na cheo cha ulodi mwaka 1898, kwa hiyo kioo chetu hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka huo. Miaka iliyofuata, wakati wa vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, uso wake ulichapwa juu ya kila kitu kinachochapika, sahani, vikombe, mikebe, na mwaka 1914 mchoraji Alfred Leete akamchora akiwanyooshea watu kidole wajiunge na jeshi. Ni yule. Hata kama hulijui jina lake, kidole chake umeshakiona mahali.

Basi, nikajisemea, ni kitu cha madukani tu kilichopotea njia. Nahodha aliuziwa Mzungu wa duka akadhani ni amiri wa Sayyid. Nilicheka peke yangu pale barazani. Kisha nikaendelea kusoma, na kicheko kikaniisha.

Mwishoni mwa mwaka 1885, kabla hajawa lodi, kabla ya Khartoum, Kitchener alitumwa Zanzibar. Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi huku bara, na Sayyid Barghash alikuwa akilalamika kwamba ni nchi yake. Ikaundwa tume ya watu watatu, Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa, ipite pwani iamue milki ya Sultani inaanzia wapi na kuishia wapi. Mwingereza alikuwa Kitchener. Kazi ilikwisha katikati ya mwaka 1886, na mwishoni mwa mwaka huo huo Uingereza na Ujerumani wakakubaliana: Sultani abaki na visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kutoka ufukweni. Nyuma ya hapo wakagawana wao.

Maili 10! Ukanda ule ndio uliokuja kuitwa Mwambao, ambao Waingereza waliulipia kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, na ambao bendera nyekundu ya Sayyid iliendelea kupepea juu yake mpaka mwaka 1963. Bibi aliiona bendera hiyo kwa macho yake, msichana, akipelekwa Lamu. Na ugomvi wa ardhi pwani hii, nani ana hati na nani ni maskwota kwenye shamba la babu yake, hauwezi kuuelewa bila kuanzia kwenye mstari ule.

Kisiwa chetu chenyewe kilisahauliwa. Makubaliano yale yaliitaja Lamu kwa jina, lakini Pate na Manda zikabaki zikigombaniwa mpaka tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani walipotia saini mkataba wa Heligoland. Katika mkataba huo, sehemu moja, Ujerumani inaacha madai yake juu ya visiwa vya Manda na "Patta". Hiyo ni sisi. Neno moja, na limeandikwa vibaya.

Kwa hiyo mtu aliyeshika kamba ya kuipima pwani yetu alikuwa ameketi ukutani kwetu akitutazama tukila wali, nasi tukimwita kwa jina la mtu mwingine. Usiku ule sikulala chumba cha ndani. Nilisema ni joto.

Asubuhi nilimtumia yule mnunuzi wa Lamu picha ya herufi. Hazikupita dakika tano. Elfu thelathini na tano, aliandika, na nauli ya boti juu yake.

Jambo hili ndilo lililoniuma zaidi. Alipokuwa Amir Hamad hakuwa na bei kubwa. Amir Hamad halisi, na Bwana Mataka aliyemshinda, hawana picha popote. Walipopigana, upigaji picha ulikuwa na miaka mitano tu tangu utangazwe huko Ulaya, na hakuna aliyeuleta Siyu. Sura zao zilikwenda nao. Aliyekuwa na sura ni yule mwingine, sura nyingi mpaka za kumwaga, mpaka moja ikafika Kizingitini kama chenji ya boriti. Bibi na babu yake walichukua sura iliyokuwa imezidi wakampa mtu aliyeikosa. Na mimi, kwa simu yangu, nilikuwa nimemnyang'anya.

*

Nilikaa siku mbili bila kumwambia. Siku ya tatu, alasiri, nilimkuta uani akisuka ukili.

"Bibi, yule si Amiri Hamadi."

"Ni nani?"

"Mngereza. Jina lake Kitchener."

Alilijaribu mdomoni. "Kichena."

"Ndiyo."

"Alikuwa amiri, hakuwa amiri?"

"Alikuwa amiri. Mkubwa kabisa."

"Basi mimi nimesema urongo wapi?"

Ami, aliyekuwa ameketi kizingitini akitengeneza wavu, alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Mimi sikucheka. Nilimweleza Bibi habari ya maili 10. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza taarifa ya habari. Watu waliokuja kupima amewaona wengi, hata juzi walikuja. Nikamweleza Omdurman. Tarehe 2 Septemba 1898, jeshi la Kitchener liliwaua zaidi ya watu 10,000 wa Sudan kwa asubuhi moja, kwa bunduki za rashasha na mizinga, nalo likapoteza watu wasiofika 50. Akatingisha kichwa, mikono ikaendelea kusuka. Nikamweleza kambi za Afrika Kusini ambamo maelfu ya wanawake na watoto walikufa. Akasema, "Laa ilaha illallah." Mikono haikusimama.

Kisha nikamwambia habari ya kaburi. Kwamba baada ya Omdurman, Kitchener alilivunja kaburi la Mahdi, Muhammad Ahmad, aliyekuwa amekufa tangu mwaka 1885, akaamuru mifupa itolewe na kutupwa mtoni, mto Naili. Kwamba hata kwao Uingereza watu walimlaumu, na Malkia Victoria mwenyewe alichukizwa.

Ukili ukasimama.

"Alifukua kaburi?"

"Ndiyo, Bibi."

"La Mwislamu?"

"Ndiyo."

Alitazama upande wa Faza. Sijui kama alikusudia. Huko ndiko alikokuwa akinisimamisha njiani, mimi na kofia yangu ya ukili na pua inayochuruzika, nimsomee Fatiha mtu aliyekuja na majeshi.

"Muuzeni," alisema. "Sitaki kulala naye nyumba moja."

Ami aliinua kichwa. Mimi nikaona jambo limekwisha, na nakiri nilifurahi. Nilikuwa nimeshinda, na fedha ya vipuri ilikuwa imepatikana, na dhamira yangu ilikuwa safi. Mambo matatu hayo hayaji pamoja mara nyingi.

Tulinyamaza kitambo. Halafu Bibi akauliza, kama mtu anayekumbuka kuuliza bei ya kitu alichoshaamua kutonunua, "Naye kaburi lake liko wapi?"

Sikuwa nimepanga kulieleza hilo. Kwangu lilikuwa la pembeni.

"Hana," nilisema. "Alizama."

"Alizama wapi?"

Nikamweleza. Tarehe 5 Juni 1916, vita vikuu vya kwanza, alikuwa ndani ya meli ya vita, Hampshire, akielekea Urusi. Kaskazini mwa Scotland, karibu na visiwa vya Orkney, kuna dhoruba, meli ikagonga bomu lililotegwa baharini. Walikufa watu zaidi ya 700. Waliofika nchi kavu wakiwa hai walikuwa 12.

"Walimtafuta?"

"Walimtafuta."

"Hawakumwona."

"Hawakumwona, Bibi. Mpaka leo."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo nyumbani kwetu halielezwi. Mume wa Bibi, babu yangu niliyezaliwa baada yake, aliondoka na dau siku ya kusi lililoanza mapema. Alikuwa na mtu mmoja. Lilipatikana tanga, kule upande wa Kiwayu. Bibi alimngoja siku nyingi kuliko alizoambiwa angoje, kisha babu akaswaliwa sala ya ghaibu, maiti hayupo, na Bibi akakaa eda kwa ajili ya mtu ambaye hakumwosha wala kumsindikiza. Baba yangu alikuwa mdogo, Ami alikuwa tumboni. Hatuna kaburi la kwenda kusomea. Idi watu wakienda makaburini, Bibi huenda pwani. Hatumfuati.

Hakusema lolote kuhusu hayo. Aliuvuta ukili akausawazisha juu ya goti.

"Mungu ana hesabu zake," alisema. "Alitupa mifupa ya mtu majini, naye akatiwa majini. Yameisha baina yao. Sisi hatumo."

"Tumo, Bibi," nilisema. Sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka. "Kisiwa hiki kimo. Maili 10 zimo."

"Nimekusikia, mamangu. Maili nimezisikia." Akanitazama. "Lakini mtu hana kaburi, nawe wataka kumuuza na ukuta?"

*

Hakuuzwa. Nilimwandikia mnunuzi kwamba familia imebadilisha mawazo. Akapanda mpaka arubaini, kisha akanyamaza.

Nisilifanye hili kuwa jambo zuri tu, kwa sababu lilikuwa na gharama, na si mimi wala Bibi aliyeilipa. Ami alikwenda kwa tajiri. Alipata vipuri siku ile ile, mashine ikawaka, na tangu siku hiyo kila kamba anayemleta pwani anapimwa kwenye mizani isiyo yake. Jioni moja, akishusha tangi la mafuta, aliniuliza bila hasira, "Hiyo picha yenu yavua samaki gani?" Sikuwa na jibu. Sina hata sasa. Nimeanza kumpa sehemu ya kila ninachoandika, lakini maelezo ya hoteli hayalipi kama kambakoche.

Nilichoweza kufanya ni kumtengeneza Amiri. Fundi seremala alinikatia ubao mwepesi. Nilikausha kioo kivulini, si juani, maana jua huikunja rangi ikajibandua yenyewe. Mahali palipobanduka sikupagusa. Nilifikiria kupaka rangi, nikaona kwamba kitu chochote nitakachokitia pale kitakuwa urongo wa tatu. Nikaweka kipande cha kitambaa safi nyuma ili ubao usiguse wino. Kisha, kabla ya kupiga misumari, nikachukua kalamu nikaandika juu ya ubao, upande wa ndani.

Niliandika jina la nahodha, babu yake Bibi, na kwamba aliipata Unguja kwa boriti. Niliandika kwamba nyumba hii ilimjua kwa jina la Amiri Hamadi, aliyekufa 1844 katika vita vya Siyu na kuzikwa Faza. Niliandika kwamba aliyechorwa ni Kitchener, aliyekuja kupima pwani hii 1885 na 1886, aliyefukua kaburi la Mahdi 1898, aliyezama 1916. Yote matatu niliyaandika kwa ukubwa mmoja wa herufi.

Bibi alikuja kusimama nyuma yangu. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, na ya Kizungu hakuwahi kuyasoma, kwa hiyo alinitaka nimsomee. Nikamsomea. Aliitikia kila mstari kwa kichwa, kama anayehakikisha mizigo imetimia kabla jahazi halijang'oa nanga.

"Yabaki nafasi?"

"Nafasi ipo."

"Andika na babuyo."

Nilidhani sikumsikia. "Hapa, Bibi? Nyuma ya huyu?"

"Andika. Hana pengine palipoandikwa."

Nikaliandika jina lake kamili, na la baba yake, na la babu yake, kama Bibi alivyonitajia. Mwaka hakuutaja, akasema tu niandike kusi. Nikaandika kusi. Kisha Ami akaja na nyundo, akafunga ubao kwa misumari sita, akampandisha Amiri ukutani, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama hakwenda upande.

"Inua kulia kidogo," Bibi alimwambia.

Akainua.

"Hapo hapo."

Kitu kingine kimoja tu ndicho kilichobadilika. Zamani alifunikwa siku za khitma na kufunuliwa watu wakiondoka. Sasa Bibi amemshonea pazia la leso lenye uzi, na hulifunga na kulifungua kwa kadiri ya moyo wake. Kuna siku anafungua asubuhi. Kuna siku linakaa limefungwa mpaka magharibi. Siku hizo hatumuulizi.